Umepewa IPC hospitalini? Mwongozo kamili wa kuanza bila kugombana na wodi nzima

Swali linalokuja kila mara ni lilelile, "nimepewa IPC, naanzia wapi?", linabadilika jina la hospitali tu. Nesi au afisa afya kateuliwa kusimamia kinga na udhibiti wa maambukizi (ndo hiyo IPC), wiki ya kwanza anaitisha semina, ya pili anabandika mabango ya kunawa mikono kila ukuta, ya tatu anaanza kuzunguka wodini kukosoa watu. Miezi inapita hamna kilichobadilika, na wenzake wakimwona anakuja na daftari wanatawanyika.

Juhudi anayo, shida ni mpangilio. Ameanza na watu kabla ya maji. Kazi ya IPC haina cheo cha kumwamrisha mtu: daktari bingwa haripoti kwako, incharji (nesi mkuu) wa wodi haripoti kwako, kampuni ya usafi ndo kabisa. Ulichonacho ni namba za kweli, na uwezo wa kufanya jambo sahihi liwe rahisi kulifanya. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo, na tafadhali zifuate kwa mpangilio huuhuu, usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Barua ya uteuzi iliyosainiwa (hatua ya 1 inaeleza iandikwe nini).
- Daftari gumu moja la kazi hii tu, usichanganye na ripoti za zamu.
- Mwongozo wa taifa wa IPC, kwa Tanzania kuna toleo la 2018, hata kama ni PDF kwenye simu.
- Fomu ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya kuangalia usafi wa mikono, nakala kama 20, na kitu kigumu cha kuandikia.
- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Watu watatu: fundi bomba wa hospitali, mfamasia au mtu wa stoo, na incharji mmoja wa wodi ambaye mnaelewana.

Hao watu watatu wana thamani kuliko laptop mpya. Kama hauna urafiki na fundi, anza leo, msalimie, ujue jina lake na namba yake ya simu.

## Hatua ya 1: Dai barua yenye siku ndani yake

Uteuzi wa mdomo kwenye kikao cha asubuhi hauna maana, mana wodi ikipungukiwa watu wewe ndo wa kwanza kurudishwa kwenye rosta. WHO inataka angalau mtu mmoja wa IPC, aliyesomea na wa muda wote, kwa kila vitanda 250. Hospitali nyingi za wilaya hazijafika hapo, kwahiyo omba kinachowezekana, kwa mfano siku mbili kamili kwa wiki, na ziandikwe.

Barua iseme vitu vitatu: siku zako za kazi hii, kwamba unaripoti kwa mganga mfawidhi moja kwa moja, na kwamba wewe ni mjumbe wa QIT, timu ya hospitali ya kuboresha ubora wa huduma. Bila hilo la pili ripoti zako zitapita mikono minne na kuishia kwenye droo ya mtu.

Angalia hapa: usianze kazi kwa ahadi ya "barua itakuja". Andika rasimu mwenyewe, ipeleke kwa katibu wa afya, fuatilia kwa heshima mpaka isainiwe.

Utajua imefanikiwa: rosta ya mwezi ikitoka, siku zako mbili hazina zamu.

## Hatua ya 2: Kagua maji na sabuni, usimkague mtu

Chora ramani ya kila wodi kwa mkono, vitanda, sinki, milango, kituo cha manesi. Alafu zunguka sehemu zote za kunawia ukijibu maswali manne tu. Maji yanatoka sasa hivi? Sabuni ipo? Kuna cha kukaushia mikono? Na sanitaiza, je, nesi aliyesimama pembeni ya mgonjwa anaifikia kwa kunyoosha mkono?

Hilo la nne ndo linaangusha wodi nyingi. Utakuta chupa imefungwa vizuri mlangoni, wodi ina vitanda 30, na nesi yuko kitanda cha mwisho anaweka dripu. Mpaka atembee mlangoni na kurudi, kwa kila mgonjwa, zamu nzima, ukweli ni kwamba hawezi, na wewe ungekuwa pale usingeweza. Au utakuta sanitaiza ipo boksi zima lakini iko kabatini kwa incharji na ufunguo anao yeye, mana zilikuwa zinaibiwa. Usimlaumu, ana sababu yake. Muulize tu kama chupa ndogo za mfukoni au zinazofungwa kwenye kitanda zingemsaidia.

Rudia mzunguko huo usiku wa manane na Jumapili. Maji ya Jumatatu saa nne asubuhi yanadanganya sana, hasa hospitali inayotegemea simtanki ambalo pampu yake inawashwa na mtu wa mchana.

Angalia hapa: hatua hii usiandike jina la mtu yeyote na usipige picha yenye mgonjwa. Watu wanakupima, wanataka kujua umekuja kuwasaidia au kuwashtaki.

Utajua imefanikiwa: una karatasi moja yenye duara nyekundu palipokufa na kijani panapofanya kazi, na fundi keshatengeneza bomba mbili tatu za mwanzo kabla hujatamka neno semina. Watu wa wodi wakiona bomba lililokufa mwaka mzima linatoa maji, wataanza kukusikiliza bila kulazimishwa.

## Hatua ya 3: Hakikisha sanitaiza haiishi

Hospitali yenye famasia inaweza kujitengenezea kwa fomula ya WHO. Kwa lita 10: ethanoli ya 96% mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya 3% mililita 417, gliserini ya 98% mililita 145, alafu jazia mpaka lita 10 kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tikisa taratibu, jaza kwenye chupa safi, zikae saa 72 kabla ya kutumika.

Kwanini saa 72? Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono, ipo kuua spora za bakteria zilizobaki kwenye chupa au kwenye malighafi yenyewe, na inahitaji muda. Ukiharakisha unagawa chupa ambazo zenyewe zinaweza kuwa na wadudu. Gliserini nayo ni ya kulinda ngozi, ukiipunguza ili kubana matumizi manesi watapasuka mikono na wataiacha sanitaiza yako wiki hiyohiyo.

Angalia hapa: hii ni petroli kwa jinsi inavyowaka. Isitengenezwe karibu na jiko wala jenereta, na kwa chumba cha kawaida cha famasia usizidishe lita 50 kwa mkupuo. Chupa ikiisha usiongezee juu ya mabaki, rudisha, ioshwe, ikauke, ndo ijazwe. Na wakumbushe watu kwamba mikono yenye damu au uchafu unaoonekana inaoshwa kwa maji na sabuni, sekunde 40 mpaka 60. Sanitaiza ni ya mikono isiyo na uchafu unaoonekana kwa macho, sekunde 20 mpaka 30.

Utajua imefanikiwa: stoo ina akiba ya mwezi mmoja mbele, na matumizi ya kila wodi yanaandikwa. Matumizi yakipanda sio hasara, ni dalili nzuri.

## Hatua ya 4: Anza na wasafishaji

Viongozi wengi wa IPC wanafundisha madaktari kwanza, wahudumu wa usafi wanakumbukwa mwishoni au hawakumbukwi kabisa, wakati yule mama mwenye ndoo anagusa kila kitanda kila siku. Hawa mara nyingi ni wa kampuni, wanabadilishwa badilishwa, glavu nzito hawana na hamna aliyewahi kuwaeleza kwanini wanachanganya dawa.

Kaa nao dakika 30, wafundishe hesabu moja: asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa asilimia unayotaka, toa moja, jibu ni idadi ya vipimo vya maji. Jiki ya 3.5% ukitaka 0.5% inakuwa 3.5 kugawa kwa 0.5 ni 7, toa 1, inabaki 6. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji. Ikiwa lebo inasema 5%, ni kikombe kimoja kwa tisa. Waachie kikombe chenyewe, chenye alama, kisitoke chumba cha usafi.

Angalia hapa: klorini inachanganywa kila siku, ya jana inamwagwa mana nguvu imeshuka. Sehemu isafishwe kwa sabuni na maji kwanza, kwasababu uchafu na damu vinaimaliza klorini nguvu. Isichanganywe na asidi ya chooni hata kidogo, inatoa gesi ya sumu. Na isinyunyiziwe mtu.

Utajua imefanikiwa: ukimuuliza msafishaji yeyote, hata wa zamu ya usiku, anakuonyesha kikombe na anakuambia namba.

## Hatua ya 5: Sasa ndo upime mikono

Chagua wodi moja. Ningechagua ya wazazi au ya watoto wachanga, mana maambukizi pale yanaua haraka, na wodi moja ikifanikiwa nyingine zitaomba zenyewe. Ukianza na hospitali nzima utachoka kabla hujapata namba yenye maana.

Unaangalia nyakati tano za WHO: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanyula (kimrija cha dripu kwenye mshipa) au kufunga kidonda, baada ya kuwa kwenye hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka.

Hapa kwenye kuhesabu ndo watu wengi wanakosea. Unachohesabu ni fursa, yani kila mara ambapo mikono ilitakiwa kusafishwa. Nesi amepima presha kitanda namba 4, akaenda moja kwa moja kitanda namba 5 kupima joto. "Baada ya" ya wa 4 na "kabla ya" ya wa 5 zimekutana, hiyo ni fursa moja. Lakini akitoka kitanda namba 4 akaenda mezani kushika faili, ndo akaja kitanda namba 5, hizo ni fursa mbili.

Mtego mwingine ni glavu. Angalia kwa karibu nesi anayeweka kanyula: kavaa glavu vizuri, kafunga tonike (mpira wa kubana mkono), alafu kabla ya kuchoma anavuta stendi ya dripu, anasogeza pazia mwanga uingie, anarudi na glavu zilezile anachoma. Wakati wa pili wa WHO umepita hapo na haukufanyika, iandike hivyo. Kuvaa glavu hakuhesabiki kama kusafisha mikono.

Kila uangalizi uchukue kama dakika 20, usiangalie zaidi ya watu watatu kwa pamoja, macho hayatoshi. Dharura ikitokea, mama anavuja damu, funga fomu, ukisaidie kitengo. Endelea siku tofauti na zamu tofauti mpaka ufike fursa 200 kwa wodi hiyo, chini ya hapo huwezi kulinganisha raundi hii na ijayo kwa uhakika.

Hesabu ni mara walizosafisha gawa kwa fursa, zidisha kwa 100. Tuseme wamesafisha mara 64 kwenye fursa 200, ni 32%. Igawanye kwa kada, manesi, madaktari, wanafunzi, wahudumu, na kwa nyakati tano pia. Mara nyingi utaona watu wanasafisha baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla, wanajilinda wao kwanza, na hiyo ni habari nzuri kwako mana unajua pa kuanzia.

Angalia hapa: jitambulishe kabla ya kuangalia. Ndiyo, watu wakijua wanaangaliwa wanaosha zaidi, lakini ukijificha ukagundulika umepoteza wodi nzima. Na fomu isiwe na jina.

Utajua imefanikiwa: wewe na mtu mwingine mkiangalia tukio lilelile mnapata hesabu zinazokaribiana. Fanyeni hilo zoezi kwanza kabla ya kuziamini namba zenu.

## Hatua ya 6: Rudisha majibu wodini kabla hayajapoa

Ndani ya wiki hiyohiyo, kwenye makabidhiano ya asubuhi, dakika tano. Sema namba, sema kitu kimoja kilichofanyika vizuri, uliza nini kinawazuia. Alafu nyamaza uandike. Watakuambia "sabuni inaunguza mikono", "troli haina chupa", hayo ndo majibu unayoyatafuta.

Kwa mtu mmoja mmoja ongea pembeni, usimsahihishe mbele ya mgonjwa wala wanafunzi wake. Kwa daktari mkubwa jaribu hivi: "Shikamoo dokta. Samahani, naomba dakika moja. Raundi ya leo tumetoka kitanda hadi kitanda bila sanitaiza, na nimeona chupa ilikuwa mbali. Nikiweka moja kwenye troli ya mafaili itakusaidia?" Umemheshimu, umesema ukweli bila kuuficha, na umekuja na suluhisho mkononi. Wakubwa wengi wanakubali, na daktari bingwa mmoja akianza kusafisha mikono mbele ya maintani (madaktari walio mafunzoni), wote nyuma yake wanafuata, hiyo nguvu hamna bango linaifikia.

Angalia hapa: usirushe asilimia za wodi kwenye grupu la WhatsApp la hospitali. Wodi iliyoaibishwa inaanza kuficha.

Utajua imefanikiwa: watu wanakuita wenyewe kukuonyesha bomba limeharibika. Hapo ndo wakati wa semina, fupi, na kila wodi ikutolee mwakilishi wake wa IPC, ukiwapata kutoka kwenye timu za WIT (timu za kuboresha kazi za kila wodi) zilizopo tayari ni rahisi zaidi.

## Hatua ya 7: Peleka kwa uongozi karatasi moja, sio ripoti ya kurasa 20

Uongozi unasikiliza namba na pesa. Karatasi iwe na vitu vinne: namba ya wodi ile kabla na sasa, ramani yako ya bomba, kitu unachoomba na bei yake, na gharama ya kutofanya.

Hiyo ya mwisho itoe kwenye mafaili yenu wenyewe. Chukua faili moja la mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua kidonda kikaoza, jumlisha siku za ziada alizolala, sindano za antibiotiki ya seftriaksoni, gozi, safari ya kurudi theatre, usitaje jina lake. Weka pembeni bei ya lita 50 za sanitaiza. Huna haja ya kuhubiri.

Ukihitaji picha kubwa, ripoti ya dunia ya WHO ya 2022 inasema kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa, 15 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati wanapata maambukizi hospitalini, nchi tajiri ni 7, na mmoja kati ya kumi wa hao walioambukizwa anafariki. Na kama kuna anayeona haya ni mambo ya mbali, mkumbushe Kagera 2023, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa Machi 21, watu 6 wakafariki, na mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwao. Hili linatulinda sisi pia, sio wagonjwa peke yao.

Muda una maana sana. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, mipango inaandikwa miezi kabla, ukienda na ombi Mei utaambiwa subiri mwakani. Pitisha kwenye QIT mapema, ili siku ya kikao cha bajeti mwenyekiti aseme mwenyewe.

Kila mwaka fanya pia tathmini ya IPCAF ya WHO, fomu ya hospitali kujipima yenyewe kwenye IPC, ina sehemu 8 za alama 100 kila moja. Mpaka 200 hali haitoshi, 201 mpaka 400 ni ya msingi, mpaka 600 ya kati, juu ya hapo ni ya juu. Jaza kwa ukweli. Hospitali inayojipa 650 wakati wodi haina maji haitapata hata shilingi, mana kwenye karatasi haina shida.

Utajua imefanikiwa: kuna mstari wenye jina IPC kwenye bajeti, hata kama ni mdogo.

## Hatua ya 8: Ifanye iwe fani yako

Wengi wanaichukulia IPC kama jukumu la ziada na wanaikimbia wakipata nafasi. Mimi naamini ni moja ya njia nzuri za uongozi kwa nesi, mana unajifunza data, bajeti na kuongea na watu wa kila ngazi, vyote kwa pamoja.

Tunza faili la kazi: barua, namba za kila raundi, ripoti za IPCAF, masaa yako. Bila ushahidi miaka yako mitano ya kazi haionekani. WHO ilitoa 2020 orodha ya umahiri wa mtaalamu wa IPC, jipime nayo uone ulipo na mapengo. Kozi zake za bure mtandaoni zimalize zote, tunza vyeti, na uulize baraza lako kama vinaingia kwenye pointi za kuhuisha leseni. Kwa Afrika kuna ICAN, mtandao wa udhibiti wa maambukizi wa Afrika, yenye mafunzo na mikutano, Chuo Kikuu cha Stellenbosch Afrika Kusini kina stashahada ya uzamili ya IPC, na Kenya wana mtandao wao wa IPNET.

Cheti cha wataalamu wa IPC kinachotambulika kimataifa ni CIC. Mtihani ni maswali 150 ndani ya masaa matatu, kwa Kiingereza, wanataka uthibitisho kwamba umefanya kazi hii kweli, na kinahuishwa kila miaka mitano. Anayeanza tu kuna ngazi ya chini yake, a-IPC. Kama unafikiria kazi nchi za Ghuba, kitakupa nafasi nzuri, matangazo ya kazi za IPC huko mara nyingi yanakitaja.

Na tafuta msaidizi mapema, usisubiri uhamisho. Mchague kati ya wale wawakilishi wa wodi, yule anayeuliza maswali mengi, mwandikishe kwenye kozi za bure mwezi huu, mfanye uangalizi pamoja mpaka hesabu zenu zikaribiane, alafu kikao kijacho cha QIT ripoti aisome yeye.